Bi. Phelister Aluoch, Aliyetugawa kwa Siku Tisa

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, Bi. Phelister Aluoch, fundi wa maabara, atakabidhi funguo baada ya kuitumikia shule yetu hapa Mowlem kwa miaka thelathini na mmoja. Alitukuta na hadubini moja. Anatuacha na tatu, mbili zikiwa na vioo.

Kila muhula aliotesha vitunguu kwenye glasi za maji, akakata ncha za mizizi na kuwaonyesha wanafunzi seli zikikua na kugawanyika. Lakini miaka saba iliyopita Kidato cha Tatu walikataa kuamini. "Madam, kitu hakiwezi kujigawa na kila nusu ibaki na kila kitu," wakamwambia. Bi. Phelister akaenda soko la mbuzi la Kiamaiko, akaazima kamba za kufungia mbuzi, akatuomba walimu tuje uwanjani.

Alitupanga wawili wawili katikati, kila somo na jozi yake, kama kromosomu zilizokwisha kujinakili. Mimi nilifungwa na mwenzangu wa Kiswahili, Bw. Mbugua. Wanafunzi wakavuta kutoka pande zote mbili. Nusu yetu tukaburutwa hadi maktaba pamoja na Mwalimu Mkuu, Bw. Mureithi, nusu wakaishia langoni pamoja na naibu wake, Bw. Shitanda.

"Sasa kila upande ni seli kamili," Bi. Phelister akatangaza.

Bw. Shitanda, naibu wa miaka kumi na miwili, aliyapokea maneno hayo kama waraka wa wizara. Hakurudi; akajihesabu Mwalimu Mkuu wa upande wa langoni. Kufikia siku ya pili tulikuwa na kengele mbili, ratiba mbili, na wimbo wa taifa ulioimbwa na pande mbili, mmoja ukitangulia kwa ubeti mzima.

Halmashauri ya shule ikaandika barua ya kumfuta Bi. Phelister kazi. Ilihitaji sahihi ya Mwalimu Mkuu, na kati ya wale wawili hakuna aliyekubali kutia yake chini ya sahihi ya mwenzake. Barua ikazunguka wiki nzima. Bi. Phelister, ambaye hukosi kumsikia akicheka, aliacha hata chai yake ikapoa bila kuigusa.

Siku ya tisa aliingia jikoni kwa mpishi wetu, Bi. Kageha, akamsihi asipakue tena kwa zamu mbili.

"Hata mimi nimechoka," Kageha akasema. "Sufuria yangu haijajinakili."

Githeri ya mahindi na maharagwe ikapakuliwa kwa foleni moja. Seli isiyolishwa haikui, na isiyokua haigawanyiki. Saa saba na nusu Bw. Shitanda alitokea na sahani, akasimama nyuma ya Bw. Mureithi.

"Mkubwa, nimerudi."

Bw. Mureithi akampisha apite mbele. Kageha akaichukua ile barua mkononi mwake, akaikunja na kuitumia kuepulia sufuria.

Darasa lile lilipofanya mtihani wa kitaifa, hakuna aliyekosa swali la seli.

Bi. Phelister, asante kwa miaka yote hiyo. Mola akujalie mapumziko marefu, na kila asubuhi ikukute ukiwa mzima.