Simama Wima, Usicheke

Wazee wangu, shikamooni. Wanajumuiya wenzangu, amani iwe nanyi. Mmeniomba nishuhudie, lakini nawaonya mapema: nimekuja na hasira yangu, sikuiacha mlangoni.

Mnamkumbuka mama yangu mzazi. Yule mama akicheka hapa Matiri, wanamsikia kule kijiji cha Mpepai. Hata akigombana na mtu alicheka. Alipofariki tukatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Nyumba nzima tukapata moja tu, ya kitambulisho. Ndugu zangu, nawaambia, yule hakuwa mama. Macho yamemtoka, mdomo umebanwa kama mtu aliyemeza kwinini. Binti yangu akaniuliza, "Mama, bibi amekasirika nini hapa?" Nililia mara mbili siku ile. Mama kaondoka, na sura yake hatuna.

Nani alitufundisha hivi? Picha ni heshima! Simama wima, mikono chini, usicheke, meno yasionekane! Tunapigwa picha kama tunasubiri hukumu. Na mimi nikarithi. Nikiona kamera shingo inakakamaa, pumzi naibana, mikono sijui niiweke wapi. Watu wananitania, "Mama, umemeza mwiko?" Basi nikaanza kujificha. Harusi, kipaimara, mimi niko jikoni hata kama chakula kimeshapakuliwa. Nikajua wanangu nao watanizika na sura isiyo yangu, na jambo hilo liliniuma sana.

Msimu wa kuchimba ngolo ukafika. Akaja mpiga picha mgeni, anataka picha za akina mama kwenye mashimo hayo ya kilimo kule mlimani. Na sisi tukafanya nini? Mnacheka, mnajua! Tukapanda shambani na vitenge vya Krismasi. Majembe tukayaosha. Jembe unaliosha halafu unakwenda kulichimbia! Akatupanga mstari, wima, majembe mkononi. Alipofika kwangu, nimekakamaa kama kawaida yangu, akashusha kamera. "Huyu mama akae pembeni, anaharibu picha." Mbele ya wenzangu, ndani ya shamba langu!

Hapo nilipandwa na hasira kweli kweli. Nikavua viatu, nikakaza kitenge kiunoni. "Baba, tangu lini mwanamke wa Kimatengo akashika jembe kama mwavuli? Ngolo haichimbwi kwa kusimama! Sogea uone!" Nikainama nikachimba. Nyasi zimeshalazwa, udongo naurushia juu yake, na kila jembe likishuka nampa mpiga picha neno lake. Kamera niliisahau kabisa. Jirani yangu, dada yule aliyekaa pale nyuma, akatoa simu yake akanipiga picha.

Jioni akaniletea nione. Mdomo wazi, udongo mpaka shavuni, kidole nimemnyooshea mgeni. Nikamuuliza, "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, dada. Ndivyo ulivyo kila siku."

Nikaketi chini nikacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo akanichukua kama mwanafunzi. Shusha pumzi kwanza. Mikono ipe kazi, hata ya kupeta maharage. Ongea na mtu, achana na kamera. Bado kuna siku nakakamaa, lakini siku hizi nasema "ngoja kwanza," natikisa mabega, naanza upya. Jikoni nimetoka.

Dada yangu, asante. Nanyi mliokuwa upande wangu kule shambani, asanteni. Wapiga picha mliomo humu, ninyi siwashukuru bado. Acheni kutuamrisha! Mwacheni mtu aendelee na shughuli yake, mumsubiri. Na ninyi wazazi, msiwakaripie watoto wanaocheka mbele ya kamera. Kukakamaa si adabu, tumedanganywa.

Ile picha nimeisafishisha, kubwa. Nimewaambia wanangu ndiyo watakayoiweka juu ya jeneza langu. Shangazi mmoja akaja juu: "Utazikwa na picha ya kufoka? Watu watasemaje?"

Nikamjibu, "Watasema, huyu ndiye tuliyemfahamu."