Lori la Sumu Lirudi Koskela

"Mgeni rasmi, Mheshimiwa Clifford Beaudry, Mwenyekiti wa Baraza la Kaunti, Mchungaji wetu, wanakamati wa Ukumbi wa Ushirika, mabibi na mabwana, na wewe Eino uliyelala mstari wa nyuma."

Ukumbi mzima ukacheka. Mzee Eino akafungua jicho moja.

"Silali," akasema. "Nasikiliza kwa kina."

Hayo ya Eino hayakuwemo kwenye karatasi. Lakini Lempi Harju alikuwa ameendesha basi la shule la Koskela mpaka akastaafu, na hakuweza kusema na watu waliokaa mistari kwa mistari bila kumkemea mmoja wa nyuma. Sauti ile ndiyo sababu kamati ilimchagua asome risala. Sababu ya pili hakuna aliyeitamka: katika wote waliokuwemo ukumbini, hakuna aliyelihitaji lori la kaunti la kuzoa sumu za majumbani kama yeye. Kibanda cha marehemu mumewe, Arvo, kilikuwa kimejaa makopo mpaka darini, na binti yao Ritva alikuwa ameapa kutowaleta watoto mpaka kiwe kitupu. Tangu maziko ya Arvo mwezi Januari, wajukuu hawakukanyaga kwa bibi yao.

Lempi akaweka miwani sawa, akaendelea.

UKARIBISHO

"Mgeni rasmi, awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha joto la ofisi yako ukaja kwetu wakati barabara bado ni matope ya theluji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tunacho cha kuponywa. Kahawa ipo, mkate wa iliki upo, na sauna ya ukumbi, chumba chetu cha kuogea mvuke, imeshawashwa. Usiogope, hatumlazimishi mtu, ingawa mwenyekiti aliyekutangulia aliikataa na uchaguzi uliofuata hakurudi."

HISTORIA

"Sisi ni wajukuu wa Wafini waliokuja Michigan kuchimba shaba, shaba ikaisha, wakabaki kulima mawe. Tulirithi kwao kahawa, ukimya, na kutotupa kitu. Wanaosema akiba haiozi hawajafungua vibanda vya Koskela. Kila nyumba ina kibanda, na kila kibanda kina rafu ya huenda-kikahitajika: rangi ya mafuta iliyobaki ghala lilipojengwa, tapentaini, betri za magari ambayo yenyewe yalishakuwa vyuma chakavu, dawa za wadudu ambazo serikali ilizipiga marufuku tangu baadhi yetu hatujaoa, na makopo ya kahawa yasiyo na jina, ambayo ukiyatikisa yanakujibu.

"Zamani kilichozidi tulikimwaga nyuma ya sauna. Kisha maji ya kisima cha shule yakaanza kunuka petroli, tukaacha. Tangu hapo hatumwagi wala hatutupi. Tunaweka tu."

"Kweli kabisa," wakaitikia watu, kwa fahari kidogo.

MAFANIKIO

"Mgeni rasmi, mwaka jana kwa mara ya kwanza tulijipanga kukusanya sumu hizi, nanyi mkakubali kutuletea lori. Tangazo lilisomwa kanisani, likabandikwa dukani na kwenye mlango wa baa, ambako ndiko lilikosomwa na wengi. Akina mama walipita nyumba kwa nyumba wakifundisha: usichanganye hiki na kile, usikihamishe kitu kutoka chombo chake, na kinachovuja kitie katika ndoo yenye mchanga wa choo cha paka. Watu walikuja hata kutoka ng'ambo ya ziwa. Kabla jua halijachangamka, meza zote za uwanjani zilikuwa zimejaa. Hakuna aliyeumia, hakuna kilicholipuka, na mbwa wa Mchungaji alikuwa amefungwa."

Hapo mgeni rasmi akainua kidole. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye uso wa mtu aliyetumwa kusema jambo asilolipenda.

"Samahani nikukatize, Bibi Lempi. Meza zilijaa?"

"Zilijaa, Mheshimiwa."

"Maana dereva wetu alirudi na betri mbili na ndoo moja. Wenzangu barazani wanauliza kwa nini lori liende kupunga upepo Koskela. Sitaki kuwaficha. Nimekuja kuwaambia, kwa heshima zote, kwamba mwaka huu haliji."

Lempi akatazama karatasi yake. Chini ya kichwa cha Changamoto kamati ilikuwa imeandika kwamba baadhi ya vitu vilipoteza mwelekeo. Walibishana sana mpaka wakaipata sentensi hiyo, na sasa aliiona haina uzito hata wa unyoya. Lori lisipokuja, kile kibanda kitabaki vile vile, na watoto watakua wakimjua bibi yao kwa simu. Akaivua miwani.

CHANGAMOTO

"Mficha uchi hazai," akasema. "Mgeni rasmi, changamoto yetu ni sisi. Hapa kwetu, kitu kikiwekwa juu ya meza ya uwanjani maana yake ni chukua mwenzangu, mimi nimeshatosheka. Ndivyo wazee wetu walivyovishana makoti miaka ya shida. Basi sisi wanakamati, akili zetu zikiwa likizo, tukaipanga sumu juu ya meza zile zile. Lori likachelewa. Kahawa ikatolewa. Watu wakaanza kusoma vibandiko."

"Ile rangi nyekundu ilikuwa nzima!" akapaza sauti Eino.

"Ilikuwa yangu," Saima, mwenye duka, akamgeukia, "na niliileta kwa sababu ni rangi ya zamani, ina sumu!"

"Basi nimeshaipaka kwenye nyumba ya mbwa."

"Ndiyo maana mbwa wako hana akili."

"Mbwa yule hakuwa na akili kabla ya rangi, Saima. Usilisingizie kopo."

Hata Mchungaji aliangua kicheko, naye alikuwa na sababu ya kunyamaza, maana siku ile aliondoka na tapentaini ya watu. Mheshimiwa Beaudry alijifunika mdomo kwa leso.

"Lori lilipofika," Lempi akaendelea, "kila mtu alikuwa ameshajiendea zake na cha mwenzake. Hatukuiondoa sumu, Mheshimiwa. Tuliitembeza. Arvo wangu alikuja na boksi moja akarudi na manne, huku anaimba."

Wakacheka tena, maana walikuwa wakimwona Arvo vile alivyokuwa. Kisha wakaona kwamba Lempi hacheki.

"Siku ya maziko yake mjukuu wangu mdogo alikutwa kibandani ananusa kopo. Mungu mkubwa, hakudhurika. Lakini mama yake akaniambia, mama, mpaka pale pawe patupu. Ana haki. Nimejaribu kupasafisha mwenyewe nimeshindwa. Sijui kilichomo, na mwenyewe Arvo hakujua. Nina hamu na wale watoto mpaka naona aibu kuisema mbele zenu. Kila nikipika uji asubuhi napika mwingi, halafu naumwaga."

Koskela hakuna asemaye hivyo hadharani. Watu wakatazama viatu vyao. Eino akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kanisani mpaka aambiwe.

MAOMBI

Lempi akavaa miwani yake na kurudi kwenye karatasi.

"Tunaomba lori lije. Lije asubuhi, kabla ya kahawa. Sumu itoke kwenye gari la mtu iingie moja kwa moja kwenye lori, isiguse meza yoyote. Na tunaomba mlinzi mmoja, mtu wa mbali, asiye ndugu ya mtu hapa. Si wa kutulinda na wezi. Ni wa kutulinda na sisi wenyewe."

Mgeni rasmi alikunja leso yake taratibu.

"Nikisimama barazani nikawatetea," akauliza, "nani ataniahidi kwamba safari hii hamtaitembeza tena?"

Watu wale hawaahidi ovyo; kwao ahadi ni kama deni la kanisa. Lempi akawatazama mmoja mmoja kama alivyowatazama zamani kwenye kioo cha basi. Saima akatikisa kichwa kukubali. Mchungaji akakubali, uso umemwiva. Eino alichelewa; ilionekana anaiaga rafu nzima moyoni mwake. Mwishowe naye akakubali. Lempi akageuza ukurasa wa mwisho.

"Mgeni rasmi, Mungu akujalie kisima chenye maji matamu na paa lisilovuja. Akufikishe kwako salama kwa barabara yetu mbovu, ambayo tumeiwekea risala yake ya siku nyingine. Ni sisi, wenyeji wa Koskela," akasita, kisha akaongeza lisiloandikwa, "ambao safari hii tutarudi nyumbani mikono mitupu."

"Mikono mitupu," akasema Eino.

"Mikono mitupu," akasema Saima, na ukumbi mzima ukafuata kwa mnong'ono, kama watu wanaoitikia sala.

Mheshimiwa Beaudry akasimama. Alikuwa na hotuba mfukoni, lakini hakuitoa.

"Jumamosi ya kwanza ya Juni," akasema. "Na lori halitaanzia hapa ukumbini. Litaanzia kwako, Bibi Lempi."

Desturi ilimtaka msomaji amkabidhi mgeni risala kwa mikono miwili na kupiga naye picha. Lempi aliisahau desturi. Alipita katikati ya makofi, risala ingali mkononi, akaingia jikoni, akaishika simu ya ukutani na kupiga kwa binti yake.

"Ritva," akasema, akiibana risala kwapani. "Ritva mwanangu, wale watoto siku hizi wanakula uji bakuli ngapi?"