Ambokile, Aliyekataa Kukimbiza Mashine

Ndugu zangu, ndaga, asanteni kwa kuja. Kaka yetu Ambokile Mwakalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, Kinyala, kwa Mzee Jairo na Mama Ikupa. Mimi Sekela ndiye niliyemfuata kuzaliwa, kwa hiyo mnisamehe nikicheka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kinyala, 1970 hadi 1976, kisha akajifunza ufundi mitambo Mbeya. Mwaka 1991 alifungua mashine ya kusaga hapa Kyimo.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alimwoa Tumpe. Siku moja kabla, unga wa harusi ulikuwa haujatosha. Bwana harusi mwenyewe akafunga puli kubwa ya mkanda kwenye injini ili mashine ikimbie, akashindilia grisi kwenye beringi, ile pete ya gololi inayoshika shafti ya mashine, mpaka ikafurika. Eti iteleze! Gololi zikabaki kuikoroga ile grisi, joto likapanda, beringi ikapiga kelele kama mbuzi, ikakwama. Wageni walikula ndizi. Wakwe wamemtania miaka yote: “Mkwe, unga uko njiani?”

Tangu hapo alitufundisha beringi, tupende tusipende. “Kila beringi ina mwendo wake wa mwisho,” alisema. “Ukiuvuka, joto. Grisi ikizidi, joto. Shafti ikipinda, joto. Sili, ule mpira wa kuziba grisi, ikibana, joto.” Alikuwa akiigusa kwa kiganja. Isipogusika kwa joto, anazima mashine, hata kama anayesubiri ni mchungaji.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Hakulalamika. Hofu yake ilikuwa moja, mwanawe Gwakisa anayemrithi. “Siku ya msiba wangu mtamhimiza akimbize mashine,” alisema, “na beringi itakufa kabla sijazikwa. Wageni wasubiri!” Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, hospitalini Tukuyu, Tumpe akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Ameacha mjane, watoto watatu, Gwakisa, Tulia na Belinda, pamoja na wajukuu watano.

Hili la mwisho halimo kwenye karatasi zenu. Leo asubuhi kina mama wa jikoni walimwandama Gwakisa: “Mwanetu, ongeza mwendo, watu wana njaa!” Gwakisa akaweka kiganja kwenye beringi, akapunguza mwendo. “Mama zangu, mtanisamehe,” akasema. “Baba alishasema msubiri.” Tumpe alicheka, jamani, akacheka mpaka kitenge kikamdondoka.

Kwa hiyo ugali umechelewa, na nyote mnajua kwa nini. Bwana akupe pumziko, kaka. Beringi inagusika.