Historia ya Mama Mackrine Kokwijuka, na Mwaka Alioomba Usirukwe

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, wana jumuiya, ndugu mliotoka Ihanda, Omurushaka na kwingineko, na ninyi majirani ambao tangu juzi mmeacha kahawa zenu shambani kwa ajili yetu, nawasalimu, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni Nikuze Twagirayezu, mwalimu wa shule ya msingi, na nimesimama kusoma historia ya mama aliyenilea. Wapo watakaojiuliza kwa nini asome mtoto wa kulelewa wakati watoto wa kuzaliwa wapo, na kaka Ambrose mwenyewe yuko pale mbele, basi mjue kwamba marehemu alinichagua mwenyewe, na aliponichagua alinipa na sharti, ambalo mtalisikia tukifika mahali pake. Mnivumilie, karatasi yangu ni ndefu na sauti yangu leo si nzuri.

Mama yetu Mackrine Kokwijuka Byabato alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 19 Julai 1949, huko Ihanda, wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa nne wa mzee Byabato na mama Kemigisha, lakini wa kwanza kuishi, kwa maana watatu waliomtangulia walizikwa kabla hawajaanza kutembea. Bibi yake mzaa baba alimwita Kokwijuka, na kwa bibi huyo hilo lilitosha, ila mzee Byabato alikuwa amebatizwa mwaka uliotangulia na bado alikuwa na moto wa dini, akataka binti apewe jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, si jina lingine. Katekista alifungua kalenda akakuta siku hiyo ni ya Mtakatifu Vinsenti, mzee akasema hawezi kumwita binti yake jina la mwanamume, ikabidi kiazimwe kitabu kikubwa cha mapadri, kikasomwa mpaka ikaonekana kwamba siku hiyohiyo anakumbukwa pia Mtakatifu Makrina, mwanamke wa zamani sana aliyesaidia kuwalea wadogo zake baada ya baba yao kufa. Jina likaandikwa Mackrine, na kwa miaka mingi pale Ihanda mwenye jina hilo alikuwa yeye peke yake, wenzake wakimcheka kwamba baba yake alimwokotea jina kitabuni.

Mwaka 1958 alianza darasa la kwanza katika shule ya mission, akamaliza darasa la nne mwaka 1961, na hapo masomo yakakoma kwa sababu wadogo zake wa kiume nao walikuwa wanasubiri zamu, jambo ambalo alilikubali kwa mdomo tu, kwa kuwa hadi uzeeni alikuwa akichukua madaftari yangu ya kusahihisha akayasoma moja moja. Mwaka 1963 alipata kazi ya kufagia katika zahanati ya mission, na mtawa aliyekuwa muuguzi pale, alipoona binti huyu hakimbii akiona damu, alianza kumwita ndani wakati wa kuzalisha, kwanza ashike taa, kisha ashike maji, kisha ashike mtoto.

Tarehe 28 Desemba 1968 alifunga ndoa na mzee wetu Benjamin, mkulima wa kahawa na migomba wa hapa Songambele, wilaya ambayo leo tunaiita Kyerwa na wakati huo ilikuwa bado ni Karagwe, wakajaliwa watoto watano, na walio hai ni watatu, kaka Ambrose, dada Benadeta na kaka Novatus, pamoja na wajukuu kumi na wanne. Mzee Benjamin alitutoka tarehe 6 Septemba 2008.

Sasa niseme habari ya kazi yake, na ya lile jina. Mnamo Februari 1972 mke wa jirani alishikwa na uchungu mvua ikinyesha, njia yote tope, hakuna wa kwenda popote, akaitwa huyu mke wa Benjamin ambaye watu walikuwa wamesikia tu kwamba aliwahi kufanya kazi zahanati, akaingia, na kabla ya jua kuzama mtoto wa kike alikuwa amepatikana, mama mzima, mtoto mzima. Hapa kwetu, mama akijifungua salama mikononi mwa mtu, humpa mtoto jina la yule aliyempokea, awe somo yake, na ndivyo alivyopatikana Mackrine wa pili. Baada ya hapo hawakuhesabika kirahisi. Juzi niliomba ruhusa kwa Baba Paroko nikapitia vitabu vya ubatizo, nikakuta kwamba kati ya mwaka 1972 na 1991 walibatizwa wasichana arobaini na mmoja wa jina hilo katika vijiji vyetu, na wazee wanasimulia kwamba mwaka 1986 mwalimu wa darasa la pili alijikuta na Mackrine saba katika chumba kimoja, akajaribu Mackrine Mrefu, Mackrine wa Kisimani, Mackrine wa Fundi, mwisho akachoka akawapa namba, na yule wa saba mpaka leo tunamwita Saba, yuko pale anacheka na kulia.

Nisiwafiche, marehemu alijivuna. Alitembea barabarani watoto wakikimbilia kumpokea kikapu, akawa anauliza kila mmoja jina lake ilhali analijua, apate tu kulisikia. Naye alikuwa na haki ya kujivuna, maana miaka kumi na tisa hakupoteza mama hata mmoja.

Tumefika mwaka 1991. Sharti nililolitaja ni hili, kwamba marehemu aliniambia, kwa maneno yake, "Utanisomea wewe, na mwaka tisini na moja usiuruke." Ijumaa, jana, kaka Ambrose alituita ndani, akaomba kwa upole tuandike tu kwamba mwaka huo marehemu aliacha ukunga kwa sababu za kifamilia, watu wazike, waende makwao, kwa nini tumvue nguo mama yetu mbele ya kaburi lake. Namwelewa kaka yangu. Nilimwambia siwezi, akasema basi nisome.

Basi, siku ya Ijumaa tarehe 24 Mei 1991, mwanamke aliyeitwa Placida, mke wa Twagirayezu, kibarua wa mashamba ya kahawa aliyekuja na mkewe kutoka ng'ambo ya mpaka na hawakuwa na ndugu hapa, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, marehemu akiwa naye ndani. Ilipofika saa tano wanaume wanane wa kikundi cha machela, ile tunayoiita engozi, walifika mlangoni wakiwa tayari kumbeba mpaka barabarani, kwa sababu Twagirayezu alikuwa na wasiwasi na alikuwa amewaita mwenyewe. Siku hiyo kulikuwa na maziko kijiji cha pili, na mnajua mwanaume asipoonekana mazikoni hapa kwetu anavyosemwa. Marehemu alitoka nje, akawatazama wale wanaume waliokuwa wanasimama mara mguu huu, mara mguu ule, akawaambia, "Nendeni mkazike, huyu atazaa kabla hamjarudi." Wakaiegemeza machela ukutani, wakaenda.

Placida alizaa kweli, saa nane mchana, mtoto wa kike, akamshika, akamnyonyesha mara moja. Kisha damu ikaanza, ikakataa kukoma, marehemu akafanya yote aliyoyajua na hayakutosha, Benjamin akapanda baiskeli kuwafuata wale wanaume, wakaacha majembe kaburini wakaja mbio, wakambeba saa kumi kasoro, na Placida akakata roho kabla hawajaiona barabara. Mtoto yule ni mimi.

Jumapili iliyofuata nilipelekwa kubatizwa, na aliyenishika alikuwa Mama Mackrine. Padri alipouliza jina, kanisa zima lilijua desturi, likasubiri. Baba yangu alisema, "Jina lolote, Padri, lisiwe lake." Akanipa Nikuze. Hakuna mtu aliyetangaza kitu baada ya hapo, hakuna kikao kilichokaa, lakini ukifungua kitabu cha ubatizo utaona Mackrine wa mwisho alibatizwa Pasaka ya mwaka huo, tarehe 31 Machi, na baada yake hakuna tena hata mmoja, mpaka leo. Mimi nimeanza kufundisha mwaka 2014, nimeita majina ya kila namna katika daftari la mahudhurio, kina Gift na Glory na Brightness, la Mackrine sijawahi kuliita.

Marehemu hakuzalisha tena. Alikwenda kwa baba yangu, akapiga magoti uani, akaomba anilee, na baba yangu, ambaye hakuwa na mama wala dada wa kumkabidhi kichanga, alinitoa bila kumtazama usoni. Mzee Benjamin alitembea kila asubuhi mwaka mzima kuniletea maziwa kutoka kwa jirani mwenye ng'ombe. Nililala kitanda kimoja na Mama mpaka nilipofika darasa la tatu, nikasomeshwa kama Benadeta na Novatus walivyosomeshwa, na baba yangu, aliyehamia Omurushaka kubeba magunia, alikuja kuniona kila Jumapili hadi alipofariki mwaka 2004. Nilipofikisha miaka kumi na miwili Mama alinikalisha jikoni, akanieleza yote kama nilivyowaeleza, hakujitetea kwa neno lolote. Tangu siku hiyo nilimpenda na nilimchukia, vyote viwili, na wakati mwingine nilivifanya vyote katika mlo mmoja.

Tarehe 11 Agosti 2017 nilijifungua binti, hospitali, salama. Mama alikuja na uji na ndizi, akamshika mtoto, hakusema kitu kuhusu jina, lakini macho yake niliyaona. Ningeweza kumpa mtoto jina lake. Nilimwita Precious, na kama mnataka ukweli, nilichagua jina hilo ili limuume. Mama wa watu akasema ni jina zuri, akaendelea kumwimbia mtoto.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 2016, na mwezi Oktoba 2024 ikagundulika kwamba figo nazo zimechoka, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa, kulazwa na kuruhusiwa, mpaka Mei mwaka huu 2025 alipolazwa asitoke tena. Jumanne tarehe 3 Juni nilikuwa zamu ya kukaa naye, nikimkanda miguu, akaniuliza, "Nikuze, umenisamehe?" Nilisimama nikasema naenda kubadilisha maji ya beseni, na nilikaa bombani hadi dada Benadeta akaja kunipokea zamu. Mama alikuwa na akili zake timamu siku zote zilizofuata, nilirudi kwake mara nne, tukaongea habari za kahawa, za Precious, za paa la jiko linalovuja, hakuniuliza tena, na mimi sikumjibu. Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tatu asubuhi, alifariki nikiwa kwenye bodaboda naelekea hospitali, na siku hiyo nilikuwa nimeazimia kumjibu, au ndivyo ninavyojiambia. Ameishi miaka sabini na mitano, miezi kumi na siku ishirini na nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, na hasa yule muuguzi wa wodini aliyekuwa akimwita bibi mkunga na kumuuliza ushauri wakati yeye ndiye mwenye cheti, jambo lililomfurahisha kuliko dawa. Tunawashukuru walimu wenzangu walioshika vipindi vyangu tangu Mei, Baba Paroko na jumuiya yetu, majirani mlioleta kuni, ndizi na maharage kabla hatujaomba, na wazee watatu walio hai wa kile kikundi cha machela, ambao leo asubuhi, na umri wote huo, wamekataa kuachia jeneza mpaka lilipofika hapa.

Na tunawashukuru kina Mackrine. Hakuna aliyewaita. Hadi jana jioni walikuwa wamefika kumi na tisa, wengine kutoka Bukoba, na wao ndio waliomwosha somo yao na kumvika. Nilipowaeleza kwamba marehemu aliagiza msalaba wake uandikwe Kokwijuka peke yake, kwa kuwa lile jina lingine lilishaua mtu, Saba alivua kilemba chake akakikunja mapajani, akasema kwamba kama jina hilo linafutwa kwa mama, basi niwaambie na wao waende wakajiitaje. Nilikwenda kwa fundi seremala, nikamwambia aandike Mackrine Kokwijuka Byabato, herufi zote ziwe sawa kwa ukubwa, na kaka Ambrose akiniuliza, nimefanya mimi.

Mama, nimesoma na mwaka sikuuruka. Ulikosea siku ile kuwarudisha wale wanaume, nami sitakudanganya hata ukiwa hapo ulipolala, nilimkosa mama yangu na sitampata. Lakini uliniuliza swali, nikakuacha nalo siku tisa kitandani, na hilo ni kosa langu, si lako. Nimekusamehe, Mama. Nawe nisamehe mimi. Pumzika sasa, Mama Mackrine, upate amani.