Mwalimu Breki na Kidonge cha Pili

Hamjambo wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko dukani, na wewe uliyeegesha gari pembeni ili unisikie vizuri. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewafundisha watu wa mji huu kuendesha gari, baba kisha mtoto, mama kisha binti. Wengi mlimwita Mwalimu Breki. Amefariki akiwa amekula chumvi nyingi, miaka sabini na ushee, na wiki iliyopita tulimzika.

Kwa kawaida kipindi hiki huwa cha sauti ya chini. Leo mtanisamehe. Leo nina hasira, na familia imeniruhusu niwe nayo. Kwa sababu pale msibani, kabla hata viti havijakunjwa, yalizuka maneno. Watu walinong'ona kwamba Mwalimu Breki ameuawa na dawa. Eti alikuwa akichanganya vidonge viwili vya kisukari, na mchanganyiko huo ndio uliomwondoa.

Nasema waziwazi, na nitasema tena kabla hatujaachana: si kweli. Mwalimu Breki alifariki kwa nimonia. Daktari aliyemtibu ameiambia familia hivyo, na familia imenituma niwaambie nyinyi. Nimonia. Si vidonge.

Utaniuliza, maneno ya msibani yanamdhuru nani? Yanamdhuru mtu. Marehemu ana mdogo wake wa kiume, fundi bomba, naye ana kisukari hicho hicho, aina ya pili. Anatumia vidonge viwili hivyo hivyo. Yale maneno aliyasikia kwa masikio yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, bado analia. Akarudi nyumbani, akavifungia vidonge vyote kabatini. Tangu siku ile hajameza hata kimoja. Mkewe amembembeleza, wanawe wamembembeleza, mwenyewe amekaza shingo. Lakini redio anasikiliza. Mkewe amenihakikishia kwamba sasa hivi imewashwa hapo sebuleni. Kwa hiyo, fundi, shikamoo mzee wangu. Kipindi cha leo ni chako.

Hapa studio nimeketi na binti wa marehemu. Yeye naye ni mwalimu wa udereva. Nilimuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

"Mkorofi," akajibu bila kufikiri. Kisha akafuta macho. "Mkorofi mwenye huruma. Akishakutukana barabarani, anakununulia maji ya kunywa."

Naongeza yangu, maana mimi pia nilipita mikononi mwake. Kwa wasiojua, gari la kufundishia lina breki mbili. Moja ni ya mwanafunzi. Nyingine iko upande wa mwalimu, chini ya mguu wake. Mwanafunzi akiendesha vizuri, mwalimu haigusi. Mwanafunzi akianza kupanda ukingo wa barabara, mwalimu anaikanyaga. Mimi nilikuwa mpandaji ukingo hodari. Gari lilikuwa likisimama ghafla, paji la uso nusura lipige usukani, na yeye ananitazama kwa upole kabisa. "Duka la watu limekukosea nini?" Jina la Mwalimu Breki lilitoka hapo, kwenye mguu ule.

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Breki mbili, na ya pili ni ya hatari tu. Maana mguu ule ndio uliomponza.

Kisukari kilimkuta akiwa mtu mzima, kazi imepamba moto. Kilianza na kiu. Halafu akawa anakatisha somo kila mara kwenda msalani, mwanafunzi amebaki ndani ya gari anachezea taa. Kliniki wakampima, wakamwambia kisukari, aina ya pili, wakamwanzishia kidonge cha metformini. Ndugu wakamshauri aache kazi. Akawauliza, "Nikae nyumbani nikisubiri nini? Sukari ishuke kwa kuona haya?"

Akaendelea na kazi, na akaendelea na kidonge. Sukari ilishuka kidogo, ikagoma. Ndipo daktari akamwongezea kidonge cha pili. Na hapo ndipo maneno yalipoanza, si wiki iliyopita. Shangazi yake alimjia nyumbani na uso wa matanga. "Mwanangu, wakikuongezea dawa, basi ugonjwa umeshakushinda."

Mwalimu Breki alikuwa anapiga pasi. Hata hakuiweka chini. "Shangazi, ukiona watu wawili wanasukuma gari lililozimika, huwa unasema wa kwanza ameshindwa?"

Shangazi aliondoka hajamaliza chai.

Sasa, kwa nini vidonge viwili? Muuguzi wa kliniki ya kisukari alimweleza, na binti yake alikuwepo. Alimwambia hivi: "Mama, insulini mwilini mwako ipo. Tatizo ni kwamba mwili umeziba masikio. Insulini inagonga mlango wa misuli ili sukari iingie, misuli haifungui. Sukari inabaki inazurura kwenye damu. Na ini nalo halisikii, linazidi kumwaga sukari nyingine. Kidonge cha kwanza kinalituliza ini. Cha pili kinaifanya misuli na mafuta ya mwili viisikie insulini. Kila kimoja na kazi yake."

Maelezo mazuri. Mwalimu akaitikia, akashukuru, akaenda zake. Lakini kichwani alibeba neno moja tu: cha pili. Na kwa mtu aliyeishi miaka mingi na mguu juu ya breki ya pili, kitu cha pili kina maana moja. Ni cha hatari.

Basi kidonge cha kwanza akawa anakimeza kila siku. Cha pili akakiweka akiba kwenye mkoba. Siku ya kawaida hakigusi. Siku mwanafunzi wake akifaulu mtihani, akaleta keki na soda pale chuo cha udereva, Mwalimu anakula kipande chake, anatoa kidonge cha pili, anakimeza, anampigia binti yake jicho. "Nimeshaikanyaga," anasema. Roho kwatu.

Niambieni kama kuna mtu mwingine duniani angekosea hivyo. Mpishi asingekosea hivyo. Mimi nisingekosea hivyo. Hilo ni kosa la mwalimu wa udereva peke yake.

Sukari haikukamatwa. Ikapanda polepole, na macho yakaanza kufifia. Vibao vya barabarani akawa anavisoma vikishafika dirishani. Ukafika wakati wa kupimwa macho ili leseni yake ya kufundisha isogezwe mbele, na safari hii herufi za mstari wa chini zikawa zinaogelea. Akafeli. Yeye, aliyewafelisha watu maisha yake yote, akafeli. Mwenye chuo, kwa heshima zote, akamtoa kwenye gari na kumweka ofisini apokee simu. Daktari akamwambia wazi kwamba ukungu ule huenda ungeondoka sukari ikishuka, lakini sukari ikiendelea hivyo, siku moja macho yangeharibika moja kwa moja.

"Mama alipoteza kiti chake," binti ananiambia. "Watu wanadhani alikuwa anapigania uhai tu. Uhai, sawa. Lakini alikuwa anapigania kile kiti. Alikuwa anakaa pale dirishani anasikia wenzake wanavyong'ang'ania gia, anauma meno."

Akarudi kliniki amewaka. "Dawa zenu hazifanyi kazi!" Muuguzi hakubishana. Alimuuliza tu, unazimezaje? Mwalimu akaeleza kwa fahari yote. Kidonge cha kila siku, na kidonge cha hatari. Akaeleza keki. Akaonyesha na mguu.

Muuguzi akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mama yangu, hiki si cha dharura. Hiki hufanya kazi taratibu, wiki nyingi, hata miezi, ndipo uone faida yake yote. Ukikimeza leo kwa ajili ya keki ya leo, hakitaiwahi. Hivi viwili vinatembea pamoja kila siku. Hata siku hujisikii chochote. Tena siku hiyo hasa."

Binti anasema mama yake alikitoa kile kidonge cha akiba mkobani, akakiweka mezani. "Basi nimejifundisha vibaya," akasema. "Nianze upya. Wanafunzi wagumu naijua dawa yao."

Akaanza upya. Na hakujificha, wasikilizaji wapendwa. Hili ndilo ninalolipenda kwake. Wakati wa chakula cha mchana, pale pale kwenye meza ya simu, alikuwa anaviweka vidonge vyote viwili mbele ya watu. Ukivikodolea macho, anakusogezea. "Vione vizuri. Hiki ni changu, na hiki ni changu. Aibu ni ya nani?" Asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, alitembea kwa miguu kuuzunguka uwanja wa mazoezi, katikati ya zile koni za plastiki, amevaa koti la mvua hata kama hakuna mvua. Misuli inayofanya kazi husikia insulini vizuri zaidi, alishaambiwa hilo. Akalifanya.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka tu. Miguu ilimvimba, viatu vikakataa. Majirani wakaja juu: "Si tulikwambia? Acha hicho kidonge!" Hakukiacha kwa amri yao, wala hakujitia hamnazo. Alipanda ngazi za kliniki na ndala zake. Daktari akamchunguza moyo, akauona uko salama, akampunguzia kipimo cha kile kidonge cha pili, maana ndicho kilichokuwa kikizuia maji mwilini, na uvimbe ukashuka. Aliporudi mtaani alisema maneno ambayo natamani yaandikwe kwenye kila ukuta: "Kidonge kikinisumbua, namwambia daktari. Simwambii jirani."

Miezi ikapita. Sukari ikashuka, safari hii ikatulia. Ukungu wa macho ukaondoka. Akarudi kupimwa, akausoma ubao wote mpaka mstari wa chini, na kwa ubishi akataka kumsomea mpimaji jina la kiwanda lililoandikwa pembeni. Kesho yake akaingia kwenye gari lake. Mwanafunzi wa siku hiyo alitaka kumpongeza. Yeye akafunga mkanda. "Washa. Tumechelewa."

Alifundisha miaka mingi baada ya hapo, vidonge viwili kila siku. Alipoacha, aliacha kwa hiari yake, akamkabidhi binti yake ufunguo. Miaka mingi, vidonge viwili. Mtu anawezaje kusimama msibani kwake na kusema vilimuua? Miaka yote ile mlikuwa wapi na ushahidi wenu? Nimonia, nasema tena. Nimonia.

Binti ameomba dakika moja azungumze na mjomba wake. Nampa.

"Mjomba. Najua unanisikia. Ulilia kuliko sisi sote, na ukiwa katika hali ile mtu anaweza kukuambia lolote ukaamini. Sikulaumu. Lakini mama ndiye aliyekupeleka kliniki kwa mara ya kwanza, amekushika mkono kama mtoto. Ukisema dawa zilimuua, unasema alikupeleka ukauawe. Huo ndio usemi unaotaka kubaki nao? Mjomba, nimechoka kuvaa nguo nyeusi. Una hasira na kifo, njoo tukasirike pamoja. Ila kifo usikisaidie kazi."

Binti amenirudishia kipaza sauti, wasikilizaji wapendwa. Fundi mitambo wangu anajifanya anatengeneza waya.

Wewe unayenisikiliza, una kidonge kimoja, una viwili, una vitatu: kila mwili una mpango wake, na mpango wako hauko mdomoni mwa watu wa msibani. Usiache dawa kwa sababu ya uvumi. Usianze ya mtu mwingine kwa sababu ya kipindi changu pia. Nenda ukaulize. Uliza swali la kijinga, uliza mara mbili, eleza unavyozimeza hata kama watacheka. Na wewe ambaye ni mzima, ukienda kuhani, toa pole yako, kunywa maji, na huo udaktari wako uache nyumbani.

Kwa familia ya Mwalimu Breki, kwa binti, kwa wajukuu, kwa shangazi ambaye bado yu hai na namheshimu hata hivyo, poleni sana. Mmeondokewa na mtu mkubwa. Mji mzima umeondokewa naye.

Ngojeni kidogo. Naonyeshwa simu kupitia kioo. Ni mke wa fundi bomba. Mama, uko hewani.

"Mtangazaji, amevaa viatu. Amesimama mlangoni na vidonge vyake mkononi, anataka kwenda kliniki kabla hawajafunga, akaulize aanzeje tena. Anasema aje huyo mtoto wa dada yake ampeleke. Na anasema nikwambie upunguze kelele, yeye si kiziwi."

Nimepunguza, mzee wangu. Nimepunguza.

Wasikilizaji wapendwa, kiti cha mgeni wangu kiko wazi. Vipokea sauti ameviacha mezani, mkoba wake nao ameusahau, na mlango wa studio bado unayumba. Kipindi hakijaisha, lakini hatukumzuia. Tumezika mmoja. Wa pili hatumtoi.