Bi Lorene na Meno Mabaya ya Kutosha

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bi Lorene Stidham anafunga mlango wa ofisi yake baada ya kuitumikia Kliniki ya Meno ya Caney Gap kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya mifagio, na kwa kuwa mifagio haijawahi kuhama, mlango haufungiki vizuri. Uongozi umeahidi kuurekebisha akishaondoka.

Kazi ya kuandika wasifu huu wa jarida la kliniki nimepewa mimi, Twyla Fugate wa mapokezi, kwa sababu Daktari Whitaker anasema hana kipaji cha maneno. Sisi tuliowahi kumsikia akimweleza mtu bei ya jino la bandia tunajua hilo si kweli. Lakini haya, nimekubali. Mengi nitakayosema Bi Lorene mwenyewe ameyaridhia, isipokuwa moja aliloniomba nilitaje taratibu.

Bi Lorene aliajiriwa kupokea simu. Siku zile mtoto akija kwetu meno yamepandana kama watu wanaogombania mlango, tulimwambia mzazi ampeleke mjini Lexington, mbali na milima yetu, kwa daktari wa kunyoosha meno. Mzazi alitabasamu kwa adabu, akatushukuru, akarudi zake nyumbani. Kila mtu alijua hakuna anayekwenda. Vyuma vya meno vilikuwa vitu vya watoto wa wenye mgodi wa makaa ya mawe. Bi Lorene ndiye aliyeuliza, tena mbele ya kikao, kwa nini tunawaelekeza watu mahali tunapojua hawatafika. Akajibiwa kwamba kama jambo hilo linamkera, basi alishughulikie yeye. Ndivyo mtu anavyopandishwa cheo hapa kwetu.

Akalishughulikia. Akagundua kwamba vyuma vya bure na vya bei nafuu vipo, ila vina walinzi mlangoni. Bima ya serikali humlipia mtoto wa familia isiyo na uwezo, mradi meno yake yawe mabaya kiasi cha kutisha. Wanayapima, wanayapa alama, na mtoto asiyefikisha alama anaandikiwa barua ya kumwambia kwamba hali yake si mbaya, kana kwamba ni pongezi. Mashirika ya hisani nayo yanatoa, ila yanamtaka mtoto asiye na hata jino moja lililotoboka, anayepiga mswaki kama yuko jeshini. Yaani mdomo uwe umeharibika, na papo hapo uwe umetunzwa. Chuo cha madaktari wa meno kinafanya kwa bei ya chini, lakini mtoto lazima afike kila mwezi, na barabara ya kutoka kwetu ni kona tupu na malori ya makaa. Bi Lorene alipomaliza kuyasoma masharti yote alisema hakuna neno, hata mbinguni kuna masharti.

Hapo ndipo Daktari Prewitt, mnyoosha meno wa Lexington, alipoingia matatani. Kwenye karamu moja ya hisani alitamka kwamba angependa kumsaidia mtoto mmoja wa milimani. Nadhani alikuwa anaongea tu, kama watu wanavyoongea wakishashiba. Kesho yake asubuhi Bi Lorene alikuwa kwenye simu yake. Tangu hapo akawa anampigia kila Januari kumtakia heri ya mwaka mpya na kumtajia jina la mtoto. Daktari alipobadilisha namba, Bi Lorene akafanya urafiki na mama yake mzazi, ambaye ni mpenzi mkubwa wa keki ya tufaha, na watoto wakawa wawili kwa mwaka. Leo Daktari Prewitt ana cheti cha ukarimu ukutani kwake, na kusema kweli anakistahili, maana madaktari wengine aliowapigia walihama mji.

Kulikuwa pia na shirika lililotaka wazazi wachangie kwa kufanya kazi ya kujitolea. Bi Lorene akawaita kina baba waje kupaka rangi chumba chetu cha kusubiria. Kila baba alikuja na rangi iliyobaki nyumbani kwake. Wageni wanaoshangaa kwa nini ukuta wetu una kijani cha aina tatu wasitafute jibu kwingine. Kila kijani kilinyoosha meno ya mtoto fulani, na sisi tumekizoea.

Lakini ukimwuliza Bi Lorene mwenyewe kuhusu kazi yake, hatakusimulia ushindi hata mmoja. Atakusimulia kosa lake, na kosa hilo linamhusu Shelby Gayheart.

Miaka sita iliyopita Shelby alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, analelewa na bibi yake, Ovaline Gayheart, mwanamke ambaye hata akienda kutupa takataka huvaa vipuli. Meno ya juu ya Shelby yalikuwa yamechomoza mbele sana. Taya la chini lilikuwa nyuma mno, na kila akifunga mdomo meno ya chini yalichoma kaakaa. Alikuwa na vidonda, akisukutua maji ya chumvi usiku, wala hakumwambia mtu isipokuwa bibi yake. Sisi tulichokijua ni kwamba meno yake yamechomoza, na kwamba ni mtoto mkimya.

Maombi ya bima huenda na picha, na picha Bi Lorene alizipiga mwenyewe, pale koridoni. Alikuwa na desturi zake. Mtoto alichanwa nywele, akapanguswa uso, kisha akaambiwa atabasamu vizuri. Shelby alitabasamu vizuri kuliko watoto wote tuliowahi kuwapiga picha. Bibi yake alikuwa amemfundisha tangu utotoni kulisukuma taya la chini mbele, ili meno yakutane na uso ukae sawa. Kwetu tunauita mdomo wa Jumapili, kama nguo za kanisani. Mtoto alikuwa ameuzoea mno, hata kwenye kiti cha daktari hakuuachia. Picha ilitoka nzuri mpaka sisi wote tulikusanyika kuitazama.

Wenye bima nao waliitazama. Wakajibu kwamba msichana huyu hana tatizo la kustahili vyuma. Nafasi ya kukata rufaa ilikuwa moja tu, mashirika ya hisani yalikuwa yamejaa, na Daktari Prewitt alikwisha kupewa watoto wake wawili wa mwaka ule. Rufaa ikishindwa, Shelby angebaki na vidonda vyake. Bi Lorene aliwalaumu wenye bima wiki nzima, kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hilo ndilo neno la adabu kati ya hayo.

Kisha ikaja Jumapili ya chakula cha pamoja, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, maharage, mkate wa mahindi na mahindi ya kuchemsha. Bi Lorene alikaa meza ya pili kutoka kwa Shelby. Akamwona mtoto analitafuna hindi kwa pembeni, kwa magego. Halafu mtu akasema kichekesho, Shelby akajisahau, akacheka, na taya likarudi nyuma lilikokuwa siku zote. Kwa muda mfupi Bi Lorene aliuona uso mwingine kabisa. Kisha mtoto akashtuka, akalisukuma taya mbele, upesi, kama mtu anayevuta sketi ishuke magotini. Kwenye kitambaa chake cha karatasi kulikuwa na damu kidogo. Bi Lorene aliweka kijiko chini, na wanaomfahamu wanajua hilo si jambo dogo.

Jioni ile alikwenda kwa Bi Ovaline. Alieleza kwamba picha iliyopelekwa ilikuwa ya uongo, kwamba lazima ipigwe nyingine, na safari hii mtoto aachie taya lake na afungue mdomo mpaka vidonda vionekane. Mficha uchi hazai, lakini jaribu kumwambia hivyo Ovaline Gayheart jikoni kwake. Aliendelea kufuta meza iliyokwisha kufutika.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa Caney Gap hawahitaji kuelezwa. Bi Ovaline alipokuwa mdogo walikuja watu wa mbali wenye kamera, wakitafuta umaskini wa milimani. Wakamkuta barazani na wadogo zake, miguu mitupu, pua zinatiririka, maana ilikuwa siku ya kufua na nguo nzuri zilikuwa kambani. Mama yao aliomba wasubiri awabadilishe. Hawakusubiri. Picha ilitoka kwenye gazeti kubwa, na mpaka leo wapo wanaoikumbuka. Mama yao aliishi na aibu ile mpaka alipozikwa.

Hatimaye Bi Ovaline alisema, "Walishatupiga picha tukiwa wabaya, Dada Lorene. Hawakutuletea hata viatu."

Bi Lorene anasema alitafuta jibu kila mahali pale jikoni. Shelby alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, anamtazama bibi yake, na ilionekana wazi kwamba bibi akikataa yeye hatabisha, atarudi tu kwenye maji yake ya chumvi.

Sasa lile la kutajwa taratibu. Wote tunayajua meno ya Bi Lorene, meupe, yamepangika, wagonjwa wengi wamewahi kuyanyooshea kidole wakasema nataka kama yale. Jamani, si yake. Baba yake alimlipia ang'olewe yote akiwa na miaka kumi na minane, yakiwa mazima karibu yote, iwe zawadi ya harusi, ili mume asije akabebeshwa gharama ya meno baadaye. Wasichana wengi wa rika lake walipewa zawadi hiyo na walifundishwa kushukuru. Mimi nimekaa naye dirisha kwa dirisha muda wote huu na sikujua.

Basi pale jikoni Bi Lorene aliingiza vidole mdomoni, akatoa meno ya juu, akatoa ya chini, akayaweka mezani karibu na bakuli la sukari. Mashavu yakaingia ndani. Akampa Shelby kamera.

"Nipige mimi kwanza," alisema, na kwa kuwa hakuwa na meno ilibidi aseme mara ya pili.

Shelby alimtazama bibi yake. Bi Ovaline aliyatazama yale meno mezani kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, kikarudi tena kuwa kicheko. Alipomaliza alijifuta macho, akavua vipuli vyake, akamwambia mjukuu wake, "Achia taya lako, mwanangu. Waoneshe."

Picha ya Shelby ya jioni ile sijaionyesha mtu zaidi ya wenye bima, na sitaionyesha. Niliibandika kwenye barua ya rufaa mwenyewe. Wenye bima waliipa alama mara mbili ya zile zilizohitajika, wakaongeza sentensi ya kusikitika kwamba familia ilichelewa kumleta mtoto. Bi Lorene aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaikunja barua, akaenda kununua keki ya kusherehekea.

Shelby alivalishwa vyuma mwezi ule ule. Kaakaa likapona. Kwa wiki ya kwanza mdomo ulimuuma kwa namna mpya, na mtoto ambaye hatukuwahi kumsikia akilalamika alilalamika kanisani, shuleni, hapa mapokezi, na kwenye simu. Alilalamika kuhusu viazi vya kuponda, kuhusu nta ya kupaka kwenye waya, kuhusu daktari, kuhusu bibi yake. Bi Lorene alikuwa anasikiliza akitabasamu kama anayesikiliza kwaya.

Siku vyuma vilipotolewa, yapata miaka miwili na nusu baadaye, Bi Lorene alimsimamisha koridoni kwa picha ya mwisho. Siku hizi hamwambii mtoto yeyote atabasamu, humwambia tu aume kama anavyouma nyumbani. Shelby alisimama, na kwa mazoea akalisukuma taya mbele. Meno ya chini yakapita mbele ya yale ya juu, uso ukawa wa ajabu. Bi Lorene alishusha kamera, akamshika kidevu, akamwambia neno moja tu, taratibu: "Acha." Haikuwa rahisi. Walisimama pale mpaka wagonjwa wawili wakapita. Kisha Shelby aliacha, uso ukatulia wenyewe mahali pake, na Bi Ovaline aliyekuwa kwenye kiti cha kusubiria akageuza uso akatazama ule ukuta wa kijani.

Wengine mtauliza nani atashika nafasi yake. Uongozi umejibu kwamba kwa kuwa idadi ya watoto wenye meno mabaya imepungua, nafasi hiyo inaangaliwa upya. Imepunguzwa na nani hawakusema. Kwa sasa kazi zake zimegawanywa kati yangu na namba ya simu ya bure, na katika sisi wawili ni mimi tu ninayepokea.

Bi Lorene, tunakushukuru. Tulikuona ukibembeleza, ukiudhi, ukioka keki, ukidanganya umri wako kwa mama Prewitt, na hatukusema asante kila ilipostahili. Tunakupenda, na tunakutakia siku njema na ndefu, bustani isiyoliwa na kulungu, na watu watakaokutembelea bila kukuomba lolote.

Sisi hatumo katika hao. Jumatatu asubuhi analetwa mvulana wa kupigwa picha. Bibi yake amepiga simu leo kuuliza avae shati gani, na amenihakikishia kwamba mjukuu wake anajua kutabasamu vizuri sana. Tafadhali usizime simu.