Historia ya Mdogo Wangu, Mtu wa Majina Mawili

Wazee wetu, viongozi mliofika, majirani na jamaa wote, mlio nyuma sogeeni msikie, maana marehemu alituzoesha kusikia nusu nusu na leo nataka tusikie yote. Anayesoma ni mjukuu wangu, maneno ni yangu mimi dada mkubwa wa marehemu, niliyembeba mgongoni.

Mdogo wangu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Aprili 1954, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa baba yetu fundi breki na mama yetu mshona nguo, na alichelewa kusema mpaka mama akampeleka kwa daktari, daktari akamtazama, akacheka, akasema, "Mama, huyu kusema anaweza, ila hajaona sababu."

Alianza shule ya msingi Januari 1962 akamaliza mwaka 1968, na alipokuwa darasa la tatu kengele ya shule ilipotea, darasa zima likachapwa siku mbili mfululizo, yeye akiwemo, kumbe yeye alimwona aliyeificha, na siku na saa alikwisha kuziandika kwenye daftari la hesabu, na mwalimu mkuu alipolikuta daftari akamuuliza, "Wewe, mbona hukusema?" naye akajibu, "Mwalimu, uliuliza darasa, hukuniuliza mimi." Jamani! Mtoto anakubali viboko kuliko kutoa neno la bure.

Sekondari alisoma kuanzia 1969 hadi 1972, na Jumatatu tarehe 7 Januari 1974 akajiunga na jeshi la polisi, na mwaka 1977 akapelekwa kitengo cha intelijensia, jambo ambalo ninyi wakubwa zake mlilijua na sisi hatukulijua, kwa sababu nyumbani alituambia yeye ni mtunza stoo, na kwa miaka kumi na moja mama alimlaumu mbele za watu, "Mwanangu ana stoo nzima ya serikali, hata blanketi moja kuukuu haniletei," yeye anatazama chini, anakunywa chai yake, mpaka siku moja ya mwaka 1988 mama alipofungua gazeti lililofungiwa sabuni akaiona picha, akaja mbio kwangu, "Huyu mwenye tai si ndiye? Nisomeeni, amefanya nini?" tukamtafuta mtu wa kutusomea, akasema hajafanya kitu, amepandishwa cheo, ni mkuu wa intelijensia, na mama akakaa chini akasema, "Kumbe miaka yote hii nilimtukana mtu mkubwa."

Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, ambaye naye aliozwa kwa mtunza stoo, lakini yeye hakumaliza wiki, aliniambia, "Wifi, stoo gani hii mtu anarudi na vumbi mpaka magotini, na funguo hana?" akanyamaza naye, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni mwalimu, wa kati fundi umeme, na kitinda mimba dereva wa malori, pamoja na wajukuu watano, na wifi yangu akatutoka tarehe 6 Juni 2012, na tangu hapo hakukuwa na mtu wa kumsoma uso.

Tarehe 1 Julai 1996 alihamishiwa wizarani kuwa mkurugenzi, na mwaka 2005 akateuliwa Katibu Mkuu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2014, na kazi tumsifie, kwani waliposema vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinapotea ovyo, hakuunda tume, alivaa kandambili na kofia akapanga foleni siku mbili na akina mama wenye watoto mgongoni, karani akamfokea, "Mzee njoo kesho, usitujazie mlango," siku ya tatu akaja na tai, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la chai, akatoa vyeti mia nne, na hakumfukuza yule karani, alimhamishia dirishani kuvigawa mwenyewe, akitazamana na wenyewe.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa mtanivumilia. Mwaka 2017 alianza kutibiwa moyo, kila Jumanne, sisi akatuambia anakwenda kumtazamia rafiki yake kiwanja, na hospitali hakujiandikisha kwa jina lake, aliandika lile la kazini, la enzi za upelelezi, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia, na pale fomu ilipouliza ndugu wa karibu, aliandika "hakuna." Hakuna! Sisi tuliotoka tumbo moja naye, na watoto, na wajukuu, wote hakuna.

Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, saa nne asubuhi, alianguka sebuleni akivaa viatu, binti yake mkubwa akamkimbiza hospitali ile ile, mapokezi wakamuuliza, "Ana faili hapa?" akataja jina, wakatafuta mara tatu, hakuna, wakamwanza kama mgonjwa mgeni, saa mbili zikapita, ndipo muuguzi wa kliniki ya moyo akapita akashtuka, "Si mzee wangu wa Jumanne huyu?" akamwita kwa jina lile jingine, na faili likaja kwa dakika tano, nene kama tofali, lakini saa nane mchana akafariki.

Tangu siku hiyo huyu binti hali chakula, anasema, "Shangazi, ningeuliza vizuri, ningepekua mifuko yake," na daktari hakutudanganya, amesema faili lingewarahisishia kazi, lakini kwamba angepona hawezi kuapa. Basi nasema mbele ya watu wote, naye marehemu amelala hapa: mwanangu, kosa si lako, ulitaja jina alilopewa na baba yetu, hukuwa na jingine, na aliyekuficha hilo jingine ni yeye, alidhani anakupunguzia mzigo, akakutwisha mkubwa zaidi, nami ninamkasirikia, na ninampenda, yote mawili.

Tunamshukuru daktari, na muuguzi aliyemtambua, na kijana wa mapokezi, naye asijilaumu, majirani mliotupikia na kutuazima viti, na ninyi wenzake wa kazini, hata mliosaini kitabu cha rambirambi kwa herufi moja moja, tumewaona.

Mwanangu, njoo usimame hapa mbele, ushike mkono wangu, tumsindikize kwa jina lake. Nawe mdogo wangu, pumzika kwa amani, umwache binti yako naye apumzike.